Dakika Sita

Konde, msimu wa karafuu, mpira hunukia.
Uwanja wa skuli ndio uwanja wa kuanikia;
majamvi hukunjwa saa tisa, kabla ya mazoezi,
na pembeni mwa goli la kusini
hayakosi kubaki makonyo mawili matatu
ya kumchoma golikipa nyayo.

Siku ya Wete hatuvai njumu njiani.
Tunazitundika shingoni, kamba kwa kamba,
tunapita kwa Bi Tumu atutilie chai ya mdalasini,
na kila mmoja hunywa wima, hasemi ahsante.
Ukisema, tutafungwa. Ndivyo tulivyoambiwa,
ingawa tumefungwa mara kumi na saba
na midomo tumeifumba.

Nyuma ya mlango wa stoo, kwa ncha ya bikari,
manahodha wamechonga majina:
Hamad Kombo, Khatib wa Msuka,
na Ngwali, ambaye jina lake ni kubwa
kuliko mabao yake yote.

Kisha zile dakika sita.
Filimbi inalia, sisi tuko kumi.
Jezi nambari sita imelazwa juu ya benchi,
mikono imekunjwa kifuani kama ya anayesali,
na Wete, wanaocheka kila kitu chetu,
tangu wavu wetu hadi matamshi yetu,
dakika hizo hawacheki.

Hata watoto wa darasa la kwanza wanaijua hadithi.
Shaame Faki, kiungo, miaka kumi na saba,
alipanda mkarafuu alfajiri ya siku ya Wete:
tawi moja tu, kisha nakwenda kucheza.
Tawi lilikuwa na neno lake.
Wenzake, mwalimu husimulia, wakacheza kumi
dakika sita, kwa heshima,
ndipo akaingia mwingine.

Mwingine huyo ni mimi.
Mimi mfua jezi, mtia upepo mipira,
mshika ufunguo wa stoo, mwaka wa ishirini na tatu huu.
Wala haikuwa heshima.

Mwalimu Dadi alinitupia: Vaa, Makame.
Nikaenda nayo nyuma ya choo.
Nikatia kichwa penye mkono.
Nikaivua, nikaivaa mbele nyuma, nikaivua.
Ilikuwa na jasho lake la Jumatano,
na shingoni kishikizo alichokishona mamake
kwa uzi mwekundu, mweupe ulikuwa umekwisha,
nikawa siwezi kukifungua wala kukikata.
Wananiita. Nasikia wananiita.
Nilipotokeza, mtu mmoja akatazama saa
akasema: sita.

Basi.

Mwaka wa pili wakasimama kumi, hawakuulizana.
Wa tatu, Wete nao wakajua.
Ningesema lini? Na mamake Shaame
yuko pale kila mwaka, kwenye kiti cha plastiki,
anahesabu kwa vidole, kimya,
kidole cha sita anakikunja taratibu.

Mwaka huu nambari sita ni Bakar.
Aliniuliza stoo, mimi nahesabu soksi:
Kwa nini tuwape dakika bure? Alama ni alama.
Jibu lilikuwa mdomoni kama konyo la karafuu,
ulimi umekufa ganzi.
Muulize mwalimu, nikasema.

Dakika ya nne mpira ukaangukia pale pale
ambapo angesimama mtu wetu.
Mshambuliaji wa Wete akautazama,
akatutazama, akaupiga.
Hakushangilia. Alirudi kati anakimbia,
kichwa chini, kama aliyetumwa dukani
akasahau alichotumwa.

Moja bila. Mara ya kumi na nane.

Magharibi Bakar akaleta jezi, ameikunja vizuri,
wengine wote wameshatupa zao sakafuni.
Akashika shingo, upande wa ndani,
pale ambapo kila jezi mpya ikija
mimi hushona, usiku, pasipoonekana.
Uzi huu mwekundu, akasema,
hauna kazi, na unakwaruza.

Nikaipokea, nikaitia kwenye beseni.
Utauzoea, nikamwambia.