Mpiga Pasi wa Mto

Mvua ya Blaenau haina haya.
Inaingia darasani bila hodi,
inaketi dawati la nyuma na Iestyn
ambaye soksi zake zimelowa tangu Jumatatu.
Nafungua kitabu. Kurasa zinanuka maganda ya machungwa;
watoto wa miaka arobaini wamekula juu yake.

"Haya, ukurasa wa sitini na moja.
Tilda amefika nchi iliyo chini ya ngazi.
Anakutana na nani?"

Anakutana na Mpiga Pasi,
mzee mwembamba kama ufa,
ambaye kila usiku huunyoosha mto kwa pasi ya makaa
usije ukaamka na makunyanzi.
Anakutana na Bata Bukini, karani,
agongaye muhuri vibali vya kulia:
chozi, fomu moja; kwikwi, fomu mbili.
Na wale ndugu wawili wenye kofia moja
wasiowahi kuonana,
kwa kuwa mmoja akiivaa, mwingine hutoweka.

Jibu ninalo daftarini. Niliandika mwaka wangu wa kwanza wa kazi,
na wino umegeuka rangi ya chai:
Mpiga Pasi ni Wakati. Bata ni Serikali. Kofia ni Nafsi.
Herufi kubwa kubwa, kama vigogo wamealikwa karamuni.
Miaka kumi na tisa nimelipakua jibu hilo
kama uji wa bweni,
upawa mmoja kila bakuli.

Mabli hangoji kuitwa.
"Bata ni yule mama wa ofisi ya posho.
Alimtaka nyanya alete cheti kipya
kuthibitisha kwamba babu bado amekufa."
Darasa linaangua kicheko: bado amekufa!
Mabli hacheki.

Tudur anachonga penseli ambayo haihitaji kuchongwa.
"Kofia ni mimi," anasema.
"Jumatatu mpaka Alhamisi niko kwa baba.
Ijumaa naenda kwa mama.
Anayenivaa yupo. Mwingine hayupo."

"Bata ni bata!" Osian, mtoto wa wafuga kondoo,
amechoka na haya mafumbo.
"Mmewahi kufuga bata bukini, nyinyi?
Wa kwetu ana kiburi hicho hicho,
na muhuri hana."

Hapo ndipo Heledd,
ambaye tangu Septemba hajatupa hata neno la kuazima,
analiambia dirisha:
"Yule hapigi pasi."
Nauliza, anafanya nini basi?
"Anatafuta. Kuna kitu kilimponyoka humo mtoni.
Anaona haya kusema,
ndiyo maana amejibunia kazi."

Kimya. Hata bomba la kupasha joto, lililokuwa likigugumia, linanyamaza.
Sote tunalijua shimo la machimbo lililojaa maji.
Sote tunaujua mwezi wa Julai.
Na jioni, tukipita barabara ya juu,
sote tumemwona baba yake ukingoni na reki ndefu;
tukimsalimu husema
anaondoa magugu.

"Mwalimu," Iestyn anauliza, "sasa tuandike nini?
Mpiga Pasi anawakilisha nini, alama nne."
Natazama daftari langu. Nafunga.
Nafungua tena; mshahara una macho.
"Andikeni Wakati," nasema. "Watahini wanaupenda Wakati.
Lakini chini yake
acheni mistari miwili mitupu."

Kengele. Viti vinakwaruza.
Huko ukumbini Osian bado anabishana kuhusu bata,
sasa amefika kwenye mayai.

Nakusanya madaftari.
La Heledd halina Wakati, halina mistari mitupu.
Amechora pasi, na mvuke wake,
akakandamiza kalamu hivi kwamba
nikifunua ukurasa wa pili naikuta,
wa tatu naikuta,
wa nne, kwa kidole tu,
kama kitu kilicho chini ya maji.