Kopo Kati ya Fito

Baba alikuja toka Talsi na kitanda juu ya gari,
kimefungwa kamba nne, kimefunikwa turubai,
theluji imetangulia kulala juu yake kabla ya mtoto.
Ghorofa nne alikipandisha, hakutaka kusaidiwa,
akikisemesha ngazi kwa ngazi: taratibu, mzee, taratibu.

Nimekilalia mimi. Amekilalia Normunds, kaka yangu,
na alama za meno yake ya kwanza zingali juu ya ubao,
vitundu vidogo, kama mtu alianza kuandika akakatizwa.
Mwaloni mtupu. Hakuna msumari hata mmoja, alisema baba,
na kiganja chake kikapita juu ya mti
kama cha mtu anayempapasa ng'ombe wake
asubuhi ya mnada.

Mkunga Skaidrīte alikuwa amenifunza kipimo:
chukua kopo la soda, lisimamishe, lisukume kati ya fito.
Likikwama, nenda kalale.
Likipita, kiwiliwili cha mtoto nacho kitapita,
na kichwa kitabaki.

Sikutaka kukipima mbele yake.
Nilingoja aende kunawa.
Kopo likapita kama mtu wa nyumbani, bila hodi,
likaanguka upande wa pili, likabingirika
mpaka kwenye soksi za baba,
amesimama mlangoni, taulo mkononi.

Bomba la joto liligugumia ukutani.
"Nyinyi hamkufa," alisema.
Hatukufa, baba.
Neno hilo likakaa kati yetu, tusijue tuliweke wapi,
maana sote wawili tuliikumbuka nyumba ya jirani,
ule mwezi Machi kitanda kilipotolewa nje
na hakuna aliyeuliza kinapelekwa wapi.
Hakikutoka karakana ya baba.
Lakini upana wa fito ulikuwa ule ule,
wa wakati ule, wa kila mtu.

Akaomba rula.
Sentimita nane na nusu.
Akapima pengo la pili, la tatu, akapima yote,
kama kwamba mojawapo lingemwonea huruma.
"Siku hizo," alisema, "tulipima kwa jicho."

Mama naye alikuwa ametuma vyake:
mto wa manyoya ya bata bukini,
blanketi la sufu lenye nyota za pembe nane,
sungura wa kitambaa, sikio moja refu kuliko jingine.
Vyote nikavipanga rafuni.
Kwenye simu akafoka: "Mjukuu wangu alale kama mfungwa?"
Godoro gumu, mama. Shuka moja, imebana.
Mtoto chali. Basi.
Niliyasikia maneno yangu yalivyo makavu.
Ningemwambiaje kwamba nimekijaza kitanda kile
kwa kila nilichokitoa?

Cha dukani kilifika ndani ya boksi, vipande vipande,
msonobari mwepesi, harufu ya gundi hata kidogo hakina.
Gints akasoma karatasi ya maelekezo, baba akaitukana,
kisha akakaza kila skrubu mara mbili,
akalisukuma kopo mwenyewe. Likakwama.
Akalisukuma tena, kwa hasira. Likakwama.
Akalifungua, akanywa soda yote kwa mkupuo,
akashuka na kitanda chake gizani.

Usiku wa kwanza sikulala.
Niliweka kidole chini ya pua ya Madara:
pumzi, kisha hakuna, kisha pumzi,
ndogo kama mvuke wa kijiko cha uji.

Sasa ni Julai. Madara amejifunza kusimama,
tumelishusha godoro mpaka tundu la mwisho,
naye anatikisa fito zake kama mwenye madai.

Talsi, nyuma ya nyumba, ubavu wa mwaloni umechomekwa udongoni.
Baba hakusema kitu; alituonyesha tu, akatazama pembeni.
Njegere zimeupanda wote.
Zinapitisha vichwa kati ya fito, kushoto, kulia,
zinapitisha zitakavyo,
wala hakuna anayeamka usiku kwenda kuzitazama.