Upo

Januari, wiki ya sare za shule,
nilipakia cherehani yangu mtumbwini pale Choba,
ya miguu, ya chuma, nzito kama deni la mazishi,
nikashuka na maji ya kupwa kwenda Pangani mjini.
Mtumbwi wa kuazima. Mwenyewe aliniambia,
"Unavuja kidogo."
Kidogo cha mwenye chombo
si kidogo cha mpanda chombo.

Kufika kwenye kona ya mikoko, pale mto unapojikunja
kama mtu anayetafuta sindano chini ya kitanda,
maji yalikuwa yamenifika vifundoni.
Nikayateka kwa kikombe cha chai.
Nikayateka kwa viganja.
Kitambaa cha kaki, mita kumi na nane, nimejitwika kichwani,
na cherehani imetulia tuli, haina habari.

Ndipo akatokea mtu akipanda kwa pondo
kando kando ya mikoko, akishindana na maji,
na mbuzi amesimama gubetini kama karani wa mahakama.
Akapaza sauti:
"Upo?"
Nikajibu kwa adabu niliyolelewa nayo,
"Nipo, namshukuru Mungu. Za kwako?"
"Nauliza upo! Upo wa kutekea maji, mama. Upo upo?"
"Haupo."
"Basi na wewe baada ya nusu saa hutakuwepo."

Akachomeka pondo topeni, akajisogeza ubavu kwa ubavu,
akanipa dumu la mafuta ya kula, la lita tano,
limekatwa mshazari, mshikio umezungushwa uzi wa katani,
na pembeni, kwa msumari wa moto: KILUA.
Nitaurudisha wapi?
"Mto una njia mbili tu," akasema, "kupanda na kushuka."
Akaenda zake. Alipokwisha kufika mbali
ndipo nilipomwona anainama, anainuka, anainama,
anateka maji kwa sufuria.
Kumbe naye alikuwa anavuja.

Upo ule sikukaa nao siku nne.
Mwanakheri wa kuni aliuomba,
akawapa vijana wa mchanga,
vijana wakamwachia mwalimu Semboja
siku aliyokuwa akivusha madaftari,
naye akanirudishia na ndimu tatu ndani.
Hakuna aliyeandika, hakuna aliyedai.
Wengine hata majina sikuyajua:
niliwajua kwa viraka vya vyombo vyao,
kwa namna kila mmoja anavyokohoa kabla ya kona.

Usiku mmoja wa masika nimejifunga kwenye mkoko
nasubiri maji yajae yanipandishe,
taa mbili zikaja, mitumbwi miwili imeunganishwa kwa kamba,
na juu yake jeneza. Marehemu anarudishwa kwao Bweni.
Sauti ikauliza, polepole, "Upo?"
"Nipo. Poleni sana, jamani."
Kimya. Kisha mjane, mjane mwenyewe:
"Dada, si wewe. Upo."
Kicheko kikatuponyoka sote,
kile kinachokuja mahali kisipoalikwa,
mpaka mitumbwi ikayumba na mtu akasema, "Taratibu, tuna mgeni."
Mjane akafuta machozi ya namna mbili
kwa ncha moja ya kanga.
Nikawapa upo. Nikafungua kamba,
nikawatangulia na taa hadi ng'ambo.
Maji yangu yalijaa na kupwa bila mimi.

Kilua sijamwona tena.
Wapo wasemao amehamia Korogwe kwa mwanawe,
wapo wasemao mbuzi walipanda bei, akanunua pikipiki.
Upo wake nao sijui uko chombo gani leo.
Nikipishana na mtu mtoni nauliza, "Upo?"
Huyu hunijibu, "Nipo."
Yule hunijibu, "Haupo, uko kwa watu wa magimbi."
Nayapokea majibu yote mawili,
maana yote mawili nilikuwa nayataka.

Ule mtumbwi nimeshaununua. Unavuja kidogo.
Kalafati nitatia tu.
Sare zikiisha.