Saa Sita za Ziada

Ofisi yetu iko Moshi, juu ya duka la mabati,
ngazi zinanuka rangi na karanga za kukaanga.
Mwenye nyumba akipanda kudai kodi
Shafii humjibu bila kuinua macho:
"Kodi zipo, mzee, ila zina kasoro,
tukikupa leo zitakuangushia nyumba."
Mzee hucheka, hukaa,
husahau nusu ya kilichompandisha.

Alhamisi ile hatukuwahi kucheka.
Simu ilitoka Kibosho, kituo cha maziwa:
mfumo wetu umemkataa mama Aikande.
Lita zake saba, bado zina joto la ng'ombe,
skrini inasema zimekaa mno, zimechacha,
zilipokelewa usiku wa manane.

"Ni kashe," akasema Ndewario. "Futa kashe."
Kwa Ndewario kila ugonjwa ni kashe,
hata mafua ya mtoto wake.
"Kwangu inafanya kazi," nikasema mimi.
"Basi tuifunge laptopu yako mgongoni mwa ng'ombe,
tumpelekee mama ikamtetee."
Na Shafii, mikono imekunjwa mpaka kwenye kiwiko:
"Mdudu mimi sili, mnajua,
ila wa namna hii nitamfuata mpaka shimoni."

Tukachimba. Seva nzima. Hifadhidata nzima.
Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika,
chini wanapakua mabati kama radi za mchana,
mlima umejifunika shuka kama mwenye deni.
Saa mbili zikapita tukimtafuta mchawi
kila mtu kwenye faili la mwenzake.

Mwisho nikampigia karani mpya, Theofrida.
"Dada, uliandika saa ngapi?"
"Kumi na mbili na nusu asubuhi."
"Na maziwa yalifika saa ngapi?"
Kimya.
"Kumi na mbili na nusu asubuhi.
Kaka, unaumwa?"

Tukatazamana, watatu,
watu wazima tuliozaliwa hapa hapa,
tuliokuzwa na saa moja mdomoni
na nyingine kwenye mkono,
tunaoziruka zile sita kila siku bila kufikiri,
kama mtu anavyouruka mfongo nyuma ya kihamba.
Mashine haikuruka. Nani aliiambia kuna mfongo?

Na karani wa zamani, Eliapenda,
aliyehamia Singida mwezi uliopita?
Ikabidi tumtafute.
"Ah, ile," akasema. "Nilikuwa nabadilisha kichwani.
Nilidhani ndivyo mlivyotaka."
Miezi minane
kichwa chake kilikuwa kiungo cha mfumo wetu,
na hakuna mchoro uliomtaja,
wala hati ya malipo.

Tukawekeana mtori: aliyeuandika mstari ule analipa.
Tukafungua historia ya msimbo.
Jina langu. Jumanne, saa tano usiku.
Pembeni, kwa kujiamini kwa mtu mwenye njaa, nimeandika:
"Saa ni saa. Msiguse."
Shafii alilala sakafuni kwa kicheko.
Ndewario akanisomea kwa sauti ya mahubiri
mara tatu, akitulia kwenye kila nukta.

Kurekebisha, mstari mmoja: ongeza sita.
Kubishana, alasiri nzima.
"Na akija mtu anayeandika saa ya kizungu?"
"Aulizwe."
"Aulizwe nini?"
"Saa ya nani."
Tukaweka kitufe. Hakipendezi, lakini kinauliza.

Theofrida akapiga: mfumo umekubali.
Na maziwa?
"Mama alishaondoka nayo. Amesema atakuja kesho,
na amesema salamu hana."

Nililipa bakuli tatu, na la nne la mwenye nyumba
aliyekuwa ameukumbuka ule upande wa pili wa safari yake.
Usiku nikarudi peke yangu kwenye mstari ule,
nikafuta "Saa ni saa",
nikaandika: Hesabu hii ilianza kwa Eliapenda.
Nikatuma.
Dakika haikuisha, ujumbe wa Ndewario:
"Vizuri. Na kashe je?"