Paa

Januari nzima, ng'ombe wakishakamuliwa,
uliketi mezani na soksi zako za sufi,
kishikwambi umekiegemeza kwenye chupa ya siki,
na vidole gumba vyako, vinene kama viazi,
vikijifunza adabu mpya juu ya vijiti viwili.

Nje theluji imefika kidirisha cha zizi.
Ndani ya kioo ni kiangazi cha kununua:
majani yasiyojua ng'ombe,
kanisa lisilowahi kuzika mtu,
upepo unaoongezwa kwa kidole.

Ukaanguka.
Uliangukia mti, ukaangukia ziwa,
ukaliangukia paa la kanisa lile mara kumi na tisa,
nami nahesabu kwa mishono ya sweta.
Kila ukianguka, sauti ya mwanamke mpole
ilisema: jaribu tena.
Miaka thelathini na minne, Gebhard,
sijawahi kukwambia neno kwa upole ule.
Nilimwonea wivu kidogo.

Jodok, mjukuu wako, alicheka hadi maziwa yakamtoka puani.
"Babu, ikikugeuzia uso, kushoto kwako ni kulia kwake!"
Ukanitupia jicho,
kana kwamba hilo hukulijua tangu tuoane.

Hukumwambia kwa nini. Mimi nilijua.
Juni ile, konde la juu, mashine ilikohoa mara moja.
Ukazima injini. Ukakaa juu ya trekta
muda wa kuiva viazi,
kisha ukashuka kwa miguu, kifua wazi,
shati lako mkononi limefunga kitu.
Usiku hukula. Ulikuwa uani unaosha visu
kwa maji ya moto, kimoja kimoja,
na vilikuwa vimeshatakata.

Mtoto wa paa hakimbii.
Mama yake kamfunza: hatari ikija
lala, nyamaza, uwe nyasi.
Kwa mbweha, ni elimu tosha.
Trekta haikuwamo katika somo.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hawakutafuta cha nyasini.
Mtaka hicho sharti apae.

Basi ukapaa. Februari ukaweza kuelea
mahali pamoja, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Machi ukauzunguka mnara bila kuugusa.
Aprili ukapandisha upepo hadi saba, ukaanguka upya,
ukalaani kwa Kijerumani cha bonde letu,
kile ambacho padri hujifanya hakisikii.

Na sasa ni saa kumi alfajiri, umande mzito,
droni ya kweli, ya kuazima kwa chama cha wawindaji.
Jua likichomoza kila jiwe litakuwa na joto lake,
na kamera haitajua jiwe wala moyo.
Mikono yako inatetemeka.
Hapa hakuna kitufe cha kuanza upya.

Doa la kwanza: sungura, akatoka mbio.
La pili: paka wa Reinelde, mtembezi yule.
La tatu halikusogea.

"Hatua sita mbele," uliniambia kwa simu.
"Kushoto. Kushoto kwako."
Nikachuma nyasi viganja vyote viwili,
nisimwachie harufu ya mtu, mama yake akamkana,
nikamwinua. Mwepesi kama mkate wa jana.
Madoadoa mgongoni. Hakulia.
Moyo wake ulinigonga mikononi
kama mvua juu ya bati.

Jodok alikuwa begani kwako. Alinisimulia baadaye:
kwenye kioo kulikuwa na doa kubwa jeupe
limebeba doa dogo,
na babu hakupepesa macho
hadi tulipofika ukingoni mwa msitu.

Kisha, kwa furaha, ukasahau kushoto na kulia.
Nilisikia kishindo.
Paa. La zizi letu.

"Jaribu tena," nilikwambia,
kwa upole nilioweza,
nikaenda kuleta ngazi.