Kadi au Kisanduku

Fundi Chilongani kaviweka vyote mezani, Nkuhungu:
kadi nyembamba kama ukucha,
na king'amuzi, cheusi, kizito kama tofali.

"Kadi inazama mgongoni mwa runinga.
Waya mmoja, rimoti moja, basi.
Ila ikigoma, mama,
imegoma na runinga yako."

Na picha?
"Ileile. Utahesabu jasho la mchezaji."

Nyemo, mjukuu wangu, keshatia kidole kwenye tundu.
Kiganjani nafinya pesa ya zabibu,
imenuka jasho langu, si la mchezaji.

Nachukua kisanduku.
Fundi anacheka: nimerudi nyuma.

Sawa.
Lakini Julai, upepo ukipenya chini ya bati,
kisanduku kitakuwa na uvuguvugu,
na paka wangu anajua pa kujikunja.

Kadi itamlaza nani?