Ukurasa wa Mia na Tisa

Tulimwacha Sikitu ndani ya koo la zimwi.
Kichwa cha nne, kile chenye meno ya chumvi,
kilikuwa kinafumba kinywa,
mkuki umemponyoka,
na hapo hapo, ukurasa wa mia na nane, kitabu kikaisha.
Hakikuisha. Kilichanwa.

Pazi akakikung'uta kama kiatu chenye kokoto.
"Dada, amekufa?"
Nikamwambia, mtu hafi mpaka aandikiwe.

Tulikinunua Karume, mia tano,
juu ya turubai, kati ya pasi mbovu na suruali za jinzi.
"Zilizobaki," muuzaji akasema, "kamuulizeni Bi Somoe,
yule wa karanga, Kigogo Sambusa."

Tukavuka daraja na ndala zetu.
Msimbazi umejaa tope na matairi
(Pazi anaapa aliona mkia),
tukafika, tukala karanga.
Jamani, tulikula karanga!
Za hamsini, za mia, zilizoungua,
tukikunjua kila karatasi kwa vidole vya mafuta:
hesabu za kidato cha pili,
risiti ya saruji,
tangazo la mganga wa kurudisha wapenzi,
na mara, mia na kumi na moja!
Sikitu yuko nje, amelowa, anacheka,
mkononi ana jino.

Katokaje?

Bi Somoe akafuta jasho kwa ncha ya kanga.
"Mia na tisa? Labda ile ya jana.
Alichukua fundi baiskeli. Alikuwa na njaa."

Usiku umeme ukakatika Kigogo nzima.
Pazi hakulala; nilimsikia akihesabu vichwa.
Nikawasha tochi ya simu ya mama,
nikachana karatasi katikati ya daftari la sayansi,
juu kabisa nikaandika: 109.
Kisha nikakaa tu.
Koo lilinuka kama mfereji wetu baada ya mvua,
lina joto, lina kimya,
na mimi nilikuwa ndani.

Sikitu hakuwa na mkuki, nikaandika.
Alikuwa na karanga mfukoni.
Akazifikicha, akapuliza,
maganda yakapeperuka hadi kwenye kidakatonge,
na zimwi likapiga chafya.

"Vichwa vyote?" Pazi akauliza gizani.
"Kimoja kimoja."
Akanyamaza. Nikadhani amelala.
"Na jino je? Kalipataje?"

Nikageuza karatasi.
Mia na kumi.